Mlima Uliokataa Kuingia Katika Picha

Ndugu msomaji, bila shaka nawe jambo hili limepata kukufika. Umesimama mahali, labda juu ya kilima cha kwenu, labda ukingoni mwa ziwa jua likizama, na moyo wako ukajaa. Ukatoa simu mfukoni, ukapiga picha. Jioni ukawaita watu wa nyumbani waje kutazama, na kumbe! Ziwa limekuwa kama karai la maji machafu, na kilima kimekuwa kichuguu. Nawe waanza kujitetea: "Lakini pale penyewe palikuwa pazuri sana, ninyi hamjui tu." Wenzako wanakuitikia kwa heshima, kisha wanarudia mazungumzo yao.

Mimi jambo hilo lilinipata mbele ya baba yangu mzazi, ndiyo sababu nimeona niwaandikie.

Baba ni mtu wa Kibosho, katika mteremko wa kusini wa mlima Kilimanjaro. Amepita miaka 80. Figo zake zimeshindwa kazi, na imebidi akae kwangu Dar es Salaam, maana mara tatu kila juma sharti apelekwe hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Mtu wa namna hiyo hasafiri hivi hivi. Yeye aliyezoea kuamka na kuzunguka kihamba chake, kutazama migomba na kahawa, sasa hukaa barazani akitazama ukuta wa jirani. Hakulalamika hata siku moja. Ila mwezi wa Septemba, niliposema kuwa nakwenda nyumbani kwa ajili ya msiba, akaniambia: "Basi, mwanangu, niletee kwetu. Pale mlangoni, unapotoka nje asubuhi na Kibo uko mbele yako."

Nilipofika nyumbani shughuli zilikuwa nyingi, kama mjuavyo mambo ya msiba. Nafasi nilipata siku ya tatu, yapata saa 5 ya mchana, baada ya kula. Nikasimama mlangoni nikapiga picha. Nikapiga tena na tena. Baadaye nilizihesabu, zilikuwa 43. Nikarudi Dar es Salaam nimejaa furaha, kama mtu anayerudi safari na zawadi nono.

Baba akavaa miwani yake. Akatazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Hapa ni wapi?"

"Ni nyumbani, Baba."

"Na Kibo uko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Katikati ya weupe wa mbingu palikuwa na kivuli cha buluu, kisichofika hata robo ya kimo cha picha, na theluji yake imepotea katika mawingu hata huwezi kujua ipi ni theluji na lipi ni wingu. Chini, migomba ilikuwa myeusi kama makaa. Baba akanirudishia simu. Akasema, "Asante, mwanangu. Umejitahidi."

Ndugu msomaji, afadhali angenigombeza.

Basi, mimi nikailaumu simu. Nikaanza kupiga hesabu ya kununua nyingine, ya bei ya ng'ombe wa maziwa. Aliyeniokoa na gharama hiyo ni mpwa wangu, binti ya dada yangu, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi. Alikuja kumwangalia babu yake Jumapili moja, nami nikamwonyesha zile picha 43. Hakusema neno. Aliigeuza simu nyuma, akakitazama kile kioo kidogo cha kamera, kisha akacheka. "Mjomba, siku ile mlikula nini?"

Tulikula nyama, tena kwa mikono. Kioo kilikuwa kimepakaa mafuta, na picha zote 43 zilipigwa kupitia mafuta hayo ya mbuzi. Mwangaza ukipita katika mafuta hutawanyika, nayo picha huonekana kana kwamba imefunikwa na utando wa maziwa. Ajabu ni kwamba mtu hufuta miwani yake mara kumi kwa siku, lakini kioo cha simu yake hakifuti hata mara moja kwa mwezi. Dawa yake ni kitambaa laini cha pamba, tena kisiwe na mchanga.

Ila mafuta peke yake hayakuwa kosa lote. Mpwa wangu alinieleza mambo ambayo sikupata kuyafikiri kabla ya hapo.

La kwanza ni kwamba jicho ni mwongo mwema. Unapoutazama mlima, akili yako huuchagua mlima na kuacha mengine. Huoni waya wa umeme, huoni ndoo iliyoanguka, huoni ule uwanja mkubwa wa mbingu tupu. Simu haichagui. Kioo chake cha kawaida kimetengenezwa kiwe kipana, kiweze kuingiza watu wote chumbani, hivyo chochote kilicho mbali hukifanya kidogo. Kama huamini, piga picha ya mwezi mpevu unapochomoza. Mwezi uliouona mkubwa kama ungo utatokea kama punje ya mtama. Kadhalika Kibo. Kutoka kwetu hadi kilele ni yapata kilomita 20, na ingawa mlima wenyewe una kimo cha mita 5,895, kwa kioo kile kipana lazima uonekane mdogo.

La pili ni mwangaza. Jicho laweza kuona theluji inayong'aa na kivuli chini ya mgomba kwa wakati mmoja, bila taabu. Kamera ya simu haiwezi sawasawa, ingawa simu za siku hizi hupiga picha kadhaa kwa mara moja na kuziunganisha ili zisaidiane. Ukiiachia ijiamulie, huangalia sehemu kubwa ya picha, yaani ile migomba yenye giza, ikaongeza mwangaza, na hapo theluji na mawingu huungua. Nasema huungua, maana ndivyo ilivyo. Mahali pale hubaki weupe mtupu, kama karatasi isiyoandikwa. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha mambo yote ya kurekebisha picha: giza laweza kufufuliwa, bali weupe ulioungua haufufuki. Kivulini mna kitu kilichofichwa. Ukiongeza mwangaza baadaye, kitu hicho chatokea, japo na chembechembe kidogo kama mchanga. Katika weupe ulioungua hamna kitu cha kutokea. Ni kama wali ulioungua na wali mbichi. Huo mbichi waweza kuurudisha jikoni.

Kwa hiyo unapopiga, gusa kwa kidole mahali penye mwangaza mkubwa kuliko pote, kwangu mimi ile theluji. Katika simu nyingi hutokea alama ya jua kandoni. Ishushe kidogo kwa kidole, mpaka uone mawingu yamepata sura. Usiogope migomba ikitiwa giza.

Baada ya somo hilo tukajaribu kuziokoa zile picha 43. Karibu zote mbingu ilikuwa imeungua. Tatu tu zilikuwa na nafuu, kwa kuwa wakati huo wingu lilifunika jua na simu ikapunguza mwangaza kwa bahati yake. Tukazitia katika programu iitwayo Snapseed, ambayo hailipiwi, ingawa simu nyingi zina mahali pake pa kurekebishia picha, na hapo pia panatosha. Mpwa wangu alikwenda polepole. Kwanza akainyosha picha, maana ilikuwa imelalia upande. Kwetu milimani hili ni gumu kuliko mnavyodhani, kwani hakuna ardhi tambarare ya kupimia; ukifuata mteremko, nyumba nzima italala. Yeye alifuata nguzo ya baraza, akaisimamisha wima, na kila kitu kikakaa sawa. Kisha akakata sehemu ya mbingu tupu juu na ya uwanja mtupu chini. Kisha akashusha zile sehemu nyeupe, akainua vivuli kidogo, akaongeza nguvu katika mlima peke yake ili ule ukungu wa buluu upungue.

Naona mtauliza: ukikata picha haiharibiki? Huharibika ukikata mno. Simu yangu hupiga picha ya nukta milioni 12, yaani nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Picha ya kawaida ya inchi 6 kwa 4, ili itoke safi karatasini, yataka nukta 1,800 kwa 1,200. Kwa hiyo ukibakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, bado zakutosha. Ila jambo moja lijue: ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha hupunguzwa njiani ili isafiri upesi. Kama wataka kuichapisha dukani, itume kama hati, siyo kama picha, nayo itafika nzima. Nimewaona watu wakigombana na wenye maduka bure kwa jambo hili.

Ile picha moja iliyopona ilikuwa ya kuvumilika. Mpwa wangu alipokwenda zake, mimi nikaona nimekwisha kuwa fundi. Usiku huo nikaziokoa nyingine kwa nguvu. Rangi nikaziongeza mpaka mwisho wa kipimo. Migomba ikawa ya kijani kama mlango uliopakwa rangi jana, mbingu ikawa ya zambarau, na pembeni mwa mlima ukatokea mstari mweupe kama mtu aliyeuchora kwa chaki. Asubuhi nikamwonyesha mke wangu. Akasema, "Majani haya ni ya plastiki?" Nikazifuta zote. Tangu siku ile nina desturi: nikirekebisha picha usiku, siimalizi usiku. Naiacha, naitazama tena kesho yake nikiwa na macho mapya, na karibu kila mara narudisha nyuma nusu ya niliyoyafanya.

Wapo wanaosema kuwa kurekebisha picha ni udanganyifu mpya ulioletwa na simu. Hao hawajui habari za zamani. Mmarekani mmoja, Ansel Adams, aliyesifika sana kwa picha za milima na mabonde, mwaka 1941 alikuwa akisafiri kwa gari huko New Mexico. Jua likikaribia kuzama, akaona kijiji kidogo, misalaba ya makaburi iking'aa kwa jua la mwisho, na mwezi umepanda juu ya milima yenye theluji. Akatega kamera yake kubwa kwa haraka. Kipimo chake cha mwangaza hakukiona, lakini alikumbuka kiasi cha mwangaza wa mwezi, akakadiria kwa huo. Alipata picha moja tu. Alipojitayarisha kwa ya pili, jua lilikuwa limekwisha kuiacha ile misalaba. Na hiyo moja aliichapa kwa miaka mingi, akiwa katika chumba cha giza, akiizidishia mbingu weusi na kuipunguzia sehemu nyingine mwangaza kwa mikono yake. Alikuwa pia mpiga piano, naye aliifananisha negativu na noti za muziki, na kuichapa ni kuupiga muziki wenyewe. Kwa hiyo kazi tunayofanya leo kwa kidole, wazee wa kazi hiyo waliifanya kwa dawa na maji. Lakini angalieni: hata yeye asingeweza kuupiga muziki ambao haukuandikwa. Kama asingepatia pale barabarani kwa dakika zile chache, chumba cha giza kisingemsaidia.

Basi nikakata shauri kwamba Desemba, tutakapokwenda nyumbani kama ilivyo desturi ya watu wa kwetu, nitaipiga picha ile upya. Baba hakuweza kwenda kwa ajili ya ile mashine. Mke wangu alibaki naye.

Mtu aliyekulia mlimani hahitaji kufundishwa saa ya mlima, lakini mimi nilikuwa nimesahau. Kibo haukungojei. Alfajiri huwa uko wazi. Jua likipanda, joto huinua mvuke kutoka msituni, na hata kabla ya saa 4 mara nyingi mlima umekwisha kujifunika. Jioni huweza kufunguka tena. Mimi niliyepiga saa 5 ya mchana nilikuwa kama mtu aendaye sokoni wakati watu wamekwisha kufunga mizigo. Tena Septemba ni mwezi wa vumbi na moshi wa mashamba. Desemba, baada ya mvua za vuli, hewa imeoshwa. Na jambo jingine: mchana jua huwa utosini, na kitu kinachomulikwa toka juu hakina kivuli upande wowote, kwa hiyo mlima huonekana bapa kama umekatwa kwa karatasi. Asubuhi ya Desemba jua latoka upande wa kuume kwako na nyuma kidogo, ukiwa umeuelekea mlima kutoka kwetu. Hapo kila korongo lina upande wa nuru na upande wa kivuli, nawe waona jinsi mlima ulivyo mnene.

Siku ya kwanza niliamka saa 11, na mlima haukuonekana kabisa. Mawingu tangu chini. Siku ya pili vivyo hivyo. Ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye anayetunza kihamba, akaanza kunicheka.

Siku hizo mbili hazikupotea, maana nilizitumia kutafuta mahali pa kusimama. Mpwa wangu alikuwa ameniambia neno lililonishangaza: "Mjomba, ukitaka mlima uwe mkubwa, rudi nyuma." Nilidhani ananitania. Lakini fikiri nawe. Ukisimama karibu na nyumba, paa laonekana kubwa na mlima mdogo. Ukirudi nyuma hatua 100, paa lapungua sana, bali mlima, ulio umbali wa kilomita 20, haupungui hata kidogo. Kisha ukikata picha, au ukitumia kioo cha pili kama simu yako inacho, nyumba na mlima vyaja mbele pamoja, na sasa mlima umesimama juu ya nyumba kama unavyouona moyoni. Walakini usipanue kwa vidole viwili wakati wa kupiga kama simu yako ina kioo kimoja tu. Huko ni kukata tu, na kukata waweza kukufanya baadaye kwa utulivu.

Nikapata mahali ng'ambo ya mfongo, yaani ule mfereji wa kuleta maji shambani ambao wazee wetu waliuchimba. Hapo niliona mfongo mbele kabisa, kisha migomba, kisha nyumba, kisha Kibo. Jicho lilipata njia ya kupita toka chini hata juu. Katika zile picha za Septemba mbele hapakuwa na kitu ila uwanja mtupu, na jicho likaanguka humo lisijue pa kwenda.

Siku ya tatu mlima ulikuwa wazi. Nyota zilikuwa bado zinaonekana nilipovuka mfongo. Yapata saa 12 na robo Kibo ukashika jua, nasi huku chini bado tuko katika kiza. Theluji ilikuwa ya rangi ya waridi, kisha ya machungwa. Mikono ilinitetemeka, kwa baridi na kwa mambo mengine. Nikakumbuka kwamba mwangaza ukiwa mdogo simu hufungua jicho lake muda mrefu zaidi, na mtikisiko kidogo waharibu picha. Basi nikaiegemeza simu kwenye shina la mti, nikaitega ijipige yenyewe baada ya sekunde tatu. Nikagusa theluji, nikashusha mwangaza. Nikapiga tisa tu. Baada ya dakika 20 ile rangi ilikuwa imekwisha, na saa 3 mlima wenyewe haukuwepo.

Niliporudi Dar es Salaam mpwa wangu alikuja tukae pamoja kuchagua. Kati ya zile tisa moja ilikuwa na kila kitu, ila chini kulikuwa na giza, kama tulivyotazamia. Tukainyosha kwa nguzo ya nyumba. Tukakata kandokando. Tukainua vivuli polepole, na ndugu msomaji, nilipoona ile migomba ikitoka gizani mmoja mmoja, kisha ukuta wa nyumba, kisha ukingo wa mfongo, nilikaa kimya. Rangi hatukuziongeza, isipokuwa kupunguza ubuluu kidogo uliozidi upande wa kivuli. Yeye alitaka kuufuta waya wa umeme uliokatiza mbele ya nyumba. Nikamkataza. Waya ule Baba aliulipia mwenyewe, angeuliza umekwenda wapi.

Hapo ndipo mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, ngoja nikuonyeshe kitu." Akaipitisha picha katika programu nyingine, hizi zenye akili ya mashine, akaiagiza kwa maneno machache. Kufumba na kufumbua, theluji imeshuka hata mabegani mwa Kibo, nyeupe, nyingi, na wingu moja zuri limekaa pembeni. Huwezi kujua kuwa siyo kweli. "Babu atafurahi," akasema. "Si ndivyo ulivyokuwa zamani zake?"

Sitawaficha: niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Baba hutuambia sikuzote kuwa utotoni mwake weupe ule ulishuka chini kuliko sasa, nasi tulidhani ni maneno ya wazee. Kumbe wataalamu waliopima wameona kuwa barafu iliyokuwako juu ya Kilimanjaro mwaka 1912, kufikia mwaka 2007 asilimia 85 ya eneo lake ilikuwa imekwisha kutoweka. Mzee alikuwa akisema kweli. Je, kuna ubaya gani kumrudishia mgonjwa theluji yake?

Lakini nilikumbuka lile swali lake la kwanza: hapa ni wapi? Kuinua kivuli ni kuonyesha kilichokuwepo pale na jicho langu likakiona. Kuweka theluji isiyokuwepo ni jambo jingine, ingawa vyote viwili hufanywa kwa kidole kile kile. Kama ingekuwa picha ya kalenda ya duka, haidhuru, wafanye watakavyo, mradi waseme. Yeye aliomba nimletee kwetu. Nikamwambia mpwa wangu aifute. Aliifuta, ingawa nilimwona kama hakukubaliana nami, na huenda vijana wa leo wengi wangekuwa upande wake.

Tuliichapa kwenye karatasi ya A4. Baba alikuwa amerudi hospitali jana yake, naye siku inayofuata huwa na nguvu kidogo. Akavaa miwani. Safari hii hakuuliza ni wapi. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na dirisha, nasi tukangoja.

"Theluji imekwisha," akasema baadaye. "Pale palikuwa nyeupe mpaka chini ya lile jiwe." Akaanza kutuonyesha kwa ukucha ilipokuwa ikifika alipokuwa akichunga mbuzi, na mpwa wangu akainama kutazama. Kisha ukucha ukashuka. Akaitambua nguzo aliyoisimamisha mwenyewe. Akaitambua migomba ya mshare aliyoipanda mama kabla hajafariki. Ukucha ukafika chini kabisa pembeni, mahali ambapo kabla ya kuinua vivuli palikuwa giza tupu, ukasimama hapo. Uso wake ukabadilika.

"Mbona mfongo umeziba?"

Nikainama. Kweli, majani makavu ya migomba yalikuwa yameujaza. Nilikuwa nimesimama ng'ambo yake asubuhi tatu mfululizo, nisiyaone.

"Zamu ya nani wiki hii?" akauliza. "Nipigie huyo mdogo wako."

Walizungumza kwa muda, yaani Baba alizungumza. Kesho yake jioni ndugu yangu akaleta picha kwa WhatsApp: mfongo umesafishwa, maji yanapita, jembe limelala ukingoni. Picha ilikuwa imepinda, mbingu imeungua yote, na kidole chake kimeziba pembe moja. Baba akaitazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Hapo sawa," akasema.